Mpiga Tromboni Aliyegeukia Selo

Marehemu Bwana David Baker, Mwamerika mweusi aliyezaliwa Indianapolis mwaka 1931, alikuwa fundi wa tromboni, yaani lile tarumbeta la kuvuta na kusukuma. Ajali ya gari ya mwaka 1953 ilimwumiza taya, na baada ya miaka kadhaa ikambidi aache kupuliza. Kuanza chombo kipya katika umri wa miaka thelathini hivi si kazi ndogo! Yeye alichukua selo, fidla kubwa ishikwayo kati ya magoti, akajifunza. Toka 1968 hata 2013 aliongoza masomo ya jazi katika Chuo Kikuu cha Indiana. Tungo zake ni nyingi mno. Katika ule wa mwaka 2006, simu za mkononi za wasikilizaji zililia pamoja na okestra.