Visiwa Vinne Ndani ya RUKUBA

Chukua kadibodi, andika RUKUBA kwa herufi kubwa nene, kisha uzikate kwa wembe. U na K zitatoka vizuri. Lakini ukimaliza kuikata R, kile kipande kidogo cha ndani ya kichwa chake kitaanguka mezani. B itadondosha viwili, na A kimoja. Vipande vinne vimekwenda, na ukipitisha rangi juu ya kadibodi hiyo utapata mabaka mahali pa herufi. Wanaoandika namba kwenye magunia na kwenye mitumbwi hulikwepa tatizo hili kwa kuacha vishikizo vyembamba, ndiyo maana herufi zao huonekana zimekatikakatika.

Kila kipande kilichoanguka ni kisiwa, kama Rukuba yenyewe ilivyo kisiwa cha Ziwa Victoria upande wa Musoma: kimezungukwa pande zote, hakina daraja. Uchapaji wa skrini ulizaliwa na haja ya kukishika kisiwa cha namna hiyo mahali pake bila kishikizo kuonekana.

Mafundi wa Japani waliopamba vitambaa kwa karatasi zilizokatwa michoro walitandaza nyuzi za hariri kati ya matabaka mawili ya karatasi. Nyuzi zilivishika vipande, nazo zilikuwa nyembamba kiasi kwamba rangi ilizizunguka na kuungana upande wa pili. Mwaka 1907 Samuel Simon wa Manchester, Uingereza, alipata hataza ya mbinu inayotumia kitambaa cha hariri kilichowambwa kwenye fremu. Leo hariri imeachia nafasi poliesta, lakini kazi ni ileile: sehemu fulani za wavu huzibwa, nyingine huachwa wazi, na wino husukumwa upite palipo wazi. Walimu wa miaka ya nyuma waliodurufu mitihani kwa stensili za nta walikuwa wakiitumia kanuni hii kila muhula.

Kuna faida nyingine ambayo wanafunzi huchelewa kuitambua. Mchoro wa kibao cha mti lazima uchongwe kinyume, herufi zikitazama nyuma, kwa sababu kibao kikigandamizwa hugeuza kila kitu. Skrini haigeuzi. Kilichosomeka juu yake husomeka hivyohivyo kwenye nguo, na kwa vazi kama kanga, ambalo bila jina lake ni nusu ya kanga, hilo si jambo dogo.

Ng'ambo ya ziwa hilihili, Kampala, Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa katika miaka ya 1930, na shule iliyokua kutokana na madarasa yake ndani ya Chuo Kikuu cha Makerere bado ina jina lake. Watanzania Sam Ntiro na Elimo Njau walisomea hapo. Shule hiyo iliziweka sanaa na kazi za viwandani chini ya paa moja, na usanifu wa vitambaa pamoja na uchapaji ni sehemu ya masomo yake. Naamini huo ndio mpangilio sahihi, kwa sababu karakana ya skrini ni maabara ya fizikia na kemia yenye gharama ndogo kuliko nyingi tunazoziota kwa ajili ya shule zetu. Kinachohitajika ni mwalimu asiyeishia kwenye "fanya hivi", bali anayeeleza pia kwa nini.

Tuanze na macho ya wavu, maana hapo kijana wa Rukuba ana la kumfundisha mwenzake wa mjini. Anajua kwamba wavu wa sangara na wavu wa dagaa havibadilishani kazi. Skrini nazo huchaguliwa hivyo, ila hapa huhesabiwa nyuzi ndani ya sentimita moja. Skrini ya nyuzi 43, inayotumika sana kwa fulana, ina matundu 43 kwa 43 katika kila sentimita ya mraba, yaani 1,849. Uzi wake ukiwa na unene wa mikroni 80, kila tundu hubaki na upana wa mikroni 150 hivi, na eneo lililo wazi ni chini kidogo ya nusu ya skrini yote. Ukihamia nyuzi 120 kwa ajili ya maandishi madogo, matundu hufika 14,400 kwa sentimita hiyohiyo, lakini wino unaoshuka hupungua sana. Ndiyo maana rangi nyeupe iliyochapwa kwa skrini laini juu ya fulana nyeusi hufifia. Mwanafunzi akilijua hili halaumu wino, anabadilisha wavu.

Sasa mwanga, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Ili mchoro ukae kwenye skrini, wavu hupakwa emulsheni, utando wenye polivinili alkoholi, ambayo ni minyororo mirefu ya molekuli inayoyeyuka majini. Ndani yake huchanganywa kemikali inayohisi mwanga. Mchoro mweusi ulio kwenye karatasi angavu hulazwa juu, kisha skrini huwekwa mwangani. Pale mwanga unapogusa, kemikali huifunga ile minyororo kwa viungo vya kukatizana, na utando hauyeyuki tena. Pale weusi ulipokinga, minyororo imebaki huru. Mwagia maji, na mchoro hufunguka polepole mbele ya macho yako. Mskoti Mungo Ponton ndiye aliyeonyesha, mwaka 1839, kwamba karatasi yenye dikromati ya potasiamu hubadilika ikipigwa na jua, na kwa miaka mingi wachapaji walizitegemea dikromati. Leo zinazofaa ni diazo na polima nyingine zinazohisi mwanga, kwa sababu nitakayoieleza mwishoni.

Mwanga unaofanya kazi hii ni wa urujuanimno na buluu ya pembeni yake, kati ya nanomita 350 na 420 hivi. Mwanga wa manjano haufungi kitu, ndiyo maana chumba cha kupaka emulsheni huwekwa taa ya njano. Na Musoma, iliyoko nyuzi 1 na nusu tu kusini mwa Ikweta, ina taa yake kubwa bila bili ya umeme. Mwezi Machi na mwezi Septemba jua la saa sita mchana hupita karibu kabisa na utosi. Hapo miale hushuka wima, na wima huo una thamani kuliko ukali wenyewe: jua la saa tisa au saa kumi huingia kwa mshazari, likapenya chini ya kingo za mchoro na kuila mistari myembamba. Kioo kizito juu ya mchoro, sponji au blanketi jeusi chini ya skrini, saa sita mchana, anga likiwa wazi, na kazi imekwisha kwa muda mfupi.

Muda gani? Hakuna jibu la jumla, na hapa ndipo sanaa inapofundisha sayansi vizuri kuliko kitabu. Mwanafunzi huifunika skrini kwa kadibodi na kuisogeza hatua kwa hatua, ili kila ukanda upate mwanga kwa muda wake, kisha huiosha na kusoma matokeo. Ukanda uliopata mwanga mchache huteleza na kutoka na maji. Uliopata mwingi haufunguki hata pale penye mchoro. Kati yake upo muda sahihi kwa emulsheni hiyo, unene huo, siku hiyo. Anayetumia taa hujifunza jambo jingine: akiisogeza mbali mara mbili, mwanga haupungui nusu, unabaki robo, hivyo muda huzidishwa kwa nne. Kanuni hiyo ya mraba kinyume nimewaona watu wakiikariri miaka mingi bila kuigusa.

Wino nao una tabia ya ajabu. Wino mzuri wa skrini ukiachwa ndani ya chombo huwa mzito, hautiririki. Ukisukumwa na skwiji, yaani ubao wenye ukingo wa mpira, hulegea ghafla na kupita kwenye matundu. Msukumo ukiisha hukaza tena na kutulia mahali pake bila kusambaa. Minyororo mirefu ya kiungo cha kukolezea, iliyokuwa imesongamana, hujipanga kuelekea upande mmoja inaposukumwa, kisha hurudi kusongamana. Kwa rangi za pamba kikolezo kinachotumika sana ni alijineti, inayotokana na mwani wa kahawia wa bahari za baridi. (Mwani unaolimwa Zanzibar ni wa jamii nyekundu, nao hutoa karajinani.) Skrini yenyewe huinuliwa milimita mbili au tatu juu ya kitambaa, ili wavu uguse pale skwiji inapopita tu na kuruka juu mara moja. Bila mwanya huo kingo za mchoro huchafuka.

Asidhani mtu kwamba ufundi huu umeishia kwenye fulana za kampeni. Tazama paneli ya sola. Mistari myembamba ya fedha inayokusanya umeme juu ya seli za silikoni huchapwa, katika sehemu kubwa ya viwanda duniani, kwa skrini na rojo la fedha, mistari yenye upana usiofika unywele. Wavuvi wengi wa dagaa katika ziwa hili wameacha karabai na kushika taa zinazochajiwa kwa jua. Usiku wanavua kwa kazi ya skwiji.

Mkoa wa Mara, ulipo mji wa Musoma, una sababu yake ya kuujua ufundi huu. Bunda ni nchi ya pamba, na Musoma ilijengewa kiwanda chake cha nguo, MUTEX. Kanga inayovaliwa leo kando ya ziwa huenda pamba yake ilitoka hapahapa, ikasafiri, ikarudi na mji, pindo na jina vilivyopangwa kwingine. Kila rangi katika kanga hiyo ina skrini yake, na zote lazima zitue mahali pamoja. Viwandani kazi hiyo hufanywa na mitungi ya nikeli inayozunguka, mbinu iliyoenezwa tangu miaka ya 1960 na kampuni ya Stork ya Uholanzi. Mezani chuoni hufanywa kwa alama za msalaba na macho makini.

Kuchapa si mwisho. Rangi lazima ishike. Wino wa pigmenti huganda juu ya nyuzi kwa gundi ya akriliki, nayo hutaka joto la nyuzi 150 hivi kwa dakika kadhaa. Maji yaliyobaki ndani ya kitambaa huishikilia nguo karibu na nyuzi 100 hadi yakauke, kwa hiyo anayeipiga pasi ikiwa bado mbichi amepoteza joto lake, na fulana itapauka ikifuliwa. Njia nyingine ni rangi zinazojiunga na selulosi ya pamba kwa kifungo cha kemia, palipo na magadi. Kampuni ya ICI ya Uingereza ilizitoa sokoni mwaka 1956 kwa jina la Procion. Nguo hubaki laini, na rangi imekuwa sehemu ya uzi.

Lakini rangi hizo hazishiki zote. Sehemu inayoweza kufika theluthi moja huondoka na maji ya kusuuzia, kama emulsheni inavyoondoka na maji ya kuoshea skrini, na hapo narudi kwenye dikromati. Kromiamu iliyomo ndani yake ni ya aina inayosababisha saratani, na wakazi wengi wa visiwani huchota maji ya kunywa na kupikia ziwani. Chuo chochote kitakachofundisha skrini Musoma kiziache kabisa dikromati. Wino uliobaki ukwanguliwe na kurudishwa koponi kabla skrini haijaguswa na maji, na maji ya kuoshea yapite kwenye pipa la kutuamishia, mashapo yakaushwe na kuhifadhiwa. Karakana isiyo na pipa hilo, hata iwe na skrini nzuri kiasi gani, ningeomba isifunguliwe kando ya ziwa hili.