Mama anapopanda ndege peke yake kwenda kumwona mjukuu

Bukoba. Binti amejifungua Ujerumani, au Kanada, au Marekani. Viza imetoka, tiketi imetumwa kwa WhatsApp. Anayebaki ni mama wa miaka sitini na kitu, wa Kamachumu au Nshamba, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya basi kwenda harusini Mwanza. Sasa anatakiwa kubadilisha ndege mara mbili au tatu, peke yake, katika viwanja ambako hakuna anayejua Kihaya na wanaojua Kiswahili ni wa kutafuta.

Kwa familia nyingi za Bukoba na Muleba jambo hili si geni tena. Kagera ilianza mapema kusomesha watoto, na waliosoma wametawanyika duniani. Mtoto akizaliwa huko, bibi anatakiwa.

Tatizo ni kwamba maandalizi ya nyumbani huwa ya zawadi kuliko ya msafiri mwenyewe. Senene wanakaangwa, kahawa ya kutafuna inatafutwa, gauni jipya linashonwa. Vidonge vya presha vinatupiwa kwenye begi kubwa pamoja na viatu, na begi hilo mama ataliona tena baada ya saa 24 au zaidi.

Hofu ya kila mtu ni kwamba mama atapotea. Kupotea kabisa si rahisi, maana abiria aliyekwisha kupita ukaguzi yuko ndani ya eneo lililofungwa na shirika la ndege lina jina lake. Kinachomuumiza mzee zaidi ni aibu. Anaona aibu kuomba maji. Haendi chooni kwa sababu hajui mlango wake unafunguliwaje, tena hataki kumwamsha jirani. Anakataa kiti cha magurudumu kwa kuwa yeye si mgonjwa. Anafika miguu imevimba, dawa hajameza tangu jana, na kichwa kinamgonga.

Karibu yote hayo yanazuilika, lakini yanazuiliwa nyumbani, kabla ya siku ya safari.

Tiketi ya bei rahisi

Watoto wanaolipa nauli hutazama bei kwanza, na hawalaumiki. Lakini kwa mzee anayesafiri peke yake, swali la kwanza liwe hili: je, safari yote iko kwenye tiketi moja? Ikiwa ni moja, ndege ya kwanza ikichelewa na ya pili ikamwacha, shirika ndilo lenye wajibu wa kumtafutia nyingine, na kwa kawaida begi lake linakwenda moja kwa moja hadi mwisho. Zikiwa tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali, mzigo huo wote ni wa mama. Atachukua begi, atapanga foleni upya, na akichelewa atanunua tiketi nyingine.

Kipande cha Bukoba ndicho kinachosahaulika. Hali ya hewa ya ziwani ikibadilika ndege inaweza kuchelewa au kuahirishwa, kwa hiyo kupanga mama atue Dar es Salaam mchana na aruke usiku uleule ni kucheza bahati nasibu. Ni afadhali alale Dar kwa ndugu usiku mmoja, na mtu huyo amfikishe Jengo la Tatu la Uwanja wa Julius Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2019 kwa safari za kimataifa.

Wapo pia wanaoogopa ndege ya Bukoba yenyewe. Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba, na watu 19 kati ya 43 waliokuwamo walifariki. Jambo hilo halisahauliki mjini hapa, na mzee anayesema hapandi ndege pale asibezwe. Anaweza kuvuka kwa meli hadi Mwanza na kupandia ndege huko. Wengine hupita Mutukula kwenda Entebbe, ambako ni karibu kuliko Dar. Cha kuepuka ni kumpandisha basi hadi Dar, zaidi ya saa 20 za kukaa, kisha kumwingiza kwenye ndege siku hiyohiyo. Sababu yake inakuja hapo chini.

Uliza pia kuhusu viza ya kupita. Marekani haina utaratibu wa abiria kuunganisha ndege bila kupita uhamiaji. Bibi anayekwenda Kanada kupitia kiwanja cha Marekani anahitaji viza ya Marekani pia, hata kama anakaa saa mbili tu.

Saa ya tiketi si saa ya nyumbani

Hapa ndipo wengi huachwa na ndege, hata wasomi. Tiketi huandikwa kwa saa za 24 na kuhesabiwa kuanzia usiku wa manane, ilhali sisi tunahesabu kuanzia machweo na macheo. Tiketi ikisema 17:20, mama aelezwe ni saa kumi na moja na dakika ishirini jioni.

Hatari zaidi ni ndege za usiku. Tiketi inayosema 01:20 tarehe 12 ni saa saba na dakika ishirini, usiku wa tarehe 11 kuamkia tarehe 12. Kwa kuwa abiria wa kimataifa hutakiwa kufika saa tatu kabla, mama anapaswa kuwa uwanjani saa nne na dakika ishirini usiku tarehe 11. Familia inayoandika "tarehe 12 usiku" kwenye kalenda itafika uwanjani ndege ikiwa imeondoka jana yake.

Kila saa iliyo kwenye tiketi ni ya mji ule ndege ilipo. Addis Ababa, Doha na Istanbul saa zao ni sawa na za Tanzania mwaka mzima, na Dubai iko mbele kwa saa moja. Simu itajibadilisha yenyewe ikipata mtandao, jambo linalomchanganya mtu asiyejua. Kwa hiyo mnunulieni saa ya mkononi ya kawaida, iachwe kwenye saa za Tanzania hadi afike. Hiyo ndiyo saa ya dawa. Anayemeza kidonge cha presha saa mbili usiku ameze saa mbili ya mkono wake, hata kama nje ya dirisha jua linawaka. Akishafika, bintiye atamsaidia kuhamia saa za huko. Anayetumia insulini asikisie. Azungumze na daktari wake mapema kuhusu dozi za siku ya safari.

Dawa zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake, zikitosha siku za safari na akiba juu yake. Insulini isiwekwe kabisa kwenye begi la chini, kwani baridi ya huko inaweza kuiharibu. Kama kliniki yake ni Ndolage, Rubya, Kagondo au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, aombe barua fupi ya Kiingereza yenye majina halisi ya dawa na ugonjwa wake. Dawa ya maji iliyozidi mililita 100 huruhusiwa kupita ukaguzi ikiwa ni ya matibabu, mradi itolewe na kuonyeshwa. Na kama anatumia tramadol au kodeini kwa maumivu ya viungo, familia iulize kwanza: baadhi ya nchi za Ghuba, ikiwamo Falme za Kiarabu, zina masharti makali juu ya dawa hizo.

Kiti cha magurudumu

Msaada wa kiti cha magurudumu huombwa wakati wa kununua tiketi, au walau saa 48 kabla, na hautozwi fedha. Kwa abiria anayeweza kupanda ngazi lakini hawezi kutembea mbali, shirika huweka herufi WCHR kwenye safari yake. Thibitisheni kwamba zimewekwa kwa kila ndege, si ya kwanza tu.

Wazee wengi hukataa. Wanasema watu watawaona wagonjwa, au kwamba ni kudanganya. Viwanja vya Doha, Dubai na Istanbul ni vikubwa kiasi kwamba kutoka geti moja hadi jingine mtu anaweza kutembea kilomita nzima, tena kwa haraka. Mama mwenye magoti mabovu na presha hadanganyi mtu akiomba kiti. Na faida kubwa si kiti, ni yule anayekisukuma. Ndiye anayejua geti lilikobadilishiwa, lifti ilipo na foleni ya uhamiaji ya kupita. Mama mwenye kiti hahitaji kusoma kibao hata kimoja.

Pamoja na hilo, aandaliwe karatasi ngumu ya kuvaa shingoni, kwa Kiingereza na kwa lugha ya nchi aendako. Iseme jina lake, kwamba anazungumza Kiswahili, anakokwenda, namba za ndege zake, ugonjwa na dawa, na simu ya anayempokea. Msitegemee WhatsApp. Mtandao wa bure wa viwanja vingi huomba namba inayotumwa kwa ujumbe wa simu, na laini isiyounganishwa na huduma ya nje ya nchi haipokei kitu. Karatasi haiishiwi chaji.

Ndani ya ndege

Hewa ya ndani ya ndege ni kavu sana, na presha yake ni kama ya mtu aliye kwenye mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Bukoba iko kama mita 1,150 tu juu ya usawa wa bahari. Mtu mzima mwenye afya hahisi sana tofauti hiyo. Mwenye moyo kushindwa kazi, upungufu mkubwa wa damu, selimundu, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni, amwone daktari kabla tiketi haijalipiwa.

Halafu kuna miguu. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kuwa kukaa bila kujongea kwa saa nne au zaidi, iwe kwenye ndege, basi, treni au gari, huongeza takriban mara mbili uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa. Kwa mtu wa kawaida uwezekano wenyewe ni mdogo, kama mmoja kati ya 6,000. Hupanda kwa mnene, aliyewahi kuganda damu, mgonjwa wa saratani au aliyetoka kufanyiwa upasuaji. Ndiyo sababu ya kutolipachika basi la Dar juu ya ndege ya usiku.

Mama achaguliwe kiti cha kandokando ya njia, ili asiombe ruhusa kwa mtu. Anyanyuke kila baada ya saa moja au mbili akiwa macho, na akiwa amekaa azungushe vifundo vya miguu. Maji ni bure, aombe bila haya. Mwenye kisukari aombewe chakula chake mapema pamoja na tiketi.

Kuhusu choo, ambacho watu hawakizungumzi: mlango mara nyingi hukunjwa katikati, unasukumwa pale kati. Ukishafungwa kwa komeo taa huwaka vizuri. Maji yakivutwa hutoa mlio mkubwa wa ghafla, asishtuke. Mama aliyeelezwa hivi sebuleni atakunywa maji. Asiyeelezwa atajinyima hadi Ulaya.

Kadi ya njano na senene

Chanjo ya homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha. Kinaweza kuhitajika wakati wa kurudi, kwa mfano akipitia Entebbe, au akikaa Addis Ababa zaidi ya saa 12. Mwenye miaka 60 na zaidi ambaye hajawahi kuchanjwa apimwe na daktari kwanza, kwa sababu madhara makubwa, ingawa ni nadra, huongezeka katika umri huo.

Kwa upande wa vyakula, Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kutoka kwetu kuingiza nyama wala maziwa. Matunda mengi mabichi yanataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matano, na ndizi ni mojawapo, habari njema kwa Mhaya yeyote. Marekani kila chakula lazima kitajwe kwa maofisa wa forodha, na anayeficha hutozwa faini. Senene wasijazwe kwenye begi kabla ya kuuliza sheria ya nchi husika. Wakibebwa, watajwe.

Ofisa uhamiaji atauliza anakwenda kwa nani na atakaa siku ngapi. Ajibu ukweli kwa kifupi, na asipoelewa aombe mkalimani badala ya kuitikia "yes" kila swali.

Wiki mbili za kwanza

Binti anayempokea ana kazi mbili. Ya kwanza ni kutazama miguu ya mama. Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa na joto, au akibanwa kifua na pumzi, ni hospitali siku hiyohiyo.

Ya pili ni homa. Kagera ina malaria, na Muleba ndiko vilikofanyiwa majaribio vyandarua vya kizazi kipya, vyenye dawa aina ya PBO, ambavyo matokeo yake yalichapishwa na jarida la The Lancet mwaka 2018. Mtu aliyeumwa na mbu siku ya kuaga majirani anaweza kuanza kuugua siku ya saba, ya kumi, au hata mwezi baadaye, akiwa katikati ya theluji. Daktari wa huko atafikiria mafua. Familia iseme mara inapofika mapokezi kwamba mgonjwa ametoka Tanzania na lini, na iombe kipimo cha malaria usiku huohuo, bila kungoja asubuhi.