Kompyuta ‘iliyobustiwa’ si sawa na modeli kubwa: mzazi, soma kabla hujalipa

MTOTO akichaguliwa kwenda chuo, familia nyingi za Njisi huanza na hesabu ya ada, kisha godoro na ndoo, na siku hizi inafuata kompyuta. Mpya ni ghali, kwa hiyo wengi wanatafuta ya mtumba. Hapo ndipo mzazi aliyetegemea mpunga au kakao msimu mzima anakutana na maneno ya aina hii: “Mama, hii ni i5 lakini imebustiwa, inakimbia kama i7.” Na bei nayo inasogezwa kuelekea ya i7.

Je, prosesa iliyoongezwa spidi inahesabika kuwa modeli ya juu zaidi? Hapana, hata pale ambapo spidi yenyewe imeongezeka kweli.

Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, na hufanya kazi kwa mapigo. Ikiandikwa gigahezi 3.8, maana yake ni mapigo bilioni 3.8 kwa sekunde. Kubusti, ambako mafundi wengine hukuita ovakloki, ni kubadilisha mipangilio ili prosesa ileile ipige haraka kuliko kiwango alichokiweka mtengenezaji. Hakuna kifaa kipya kinachowekwa ndani. Moyo wa mtoto anayecheza mpira hupiga haraka kuliko wa aliyekaa, lakini haujageuka kuwa moyo wa mtu mzima.

Chukua prosesa mbili za Intel za mwaka 2017, Core i5-7600K na Core i7-7700K. Ya kwanza hufika gigahezi 4.2, ya pili 4.5. Fundi anaweza kuisukuma i5 hadi 4.5, na kwa namba hiyo moja zikalingana. Lakini i7 inashughulikia mikondo minane ya kazi kwa wakati mmoja, i5 minne tu. Kumbukumbu ya ndani ya i7 ni megabaiti 8, ya i5 ni 6. Hayo hayaongezwi kwa mipangilio. Kijana wa uhandisi mwenye programu nzito za michoro atauona upungufu huo. Anayeandika ripoti na kusoma vitabu huenda asiuone kabisa.

Haki itendeke, wapo waliofaidika kwa kubusti. Mwaka 1998 Intel ilitoa prosesa ya bei nafuu, Celeron 300A, yenye megahezi 300. Watumiaji wakagundua kwamba nyingi zinapanda hadi 450 bila shida, na kwa kazi nyingi zikawa zinakaribiana na Pentium II ya megahezi 450 iliyouzwa ghali zaidi. Hata hivyo si kila Celeron ilifika huko. Aliyenunua Pentium II alikuwa na uhakika wa 450 kutoka kwa mtengenezaji. Mwenye Celeron alikuwa anabahatisha, na ikiungua hasara ni yake.

Ndiyo maana ya jina la modeli. Mtengenezaji amekipima kifaa na kukubali kukitetea kwa spidi hiyo. Mwaka 2010 Intel yenyewe ilijaribu kuuza kadi ya dola 50 iliyofungua uwezo uliokuwa umefungwa ndani ya Pentium G6951. Baada ya kulipia, kompyuta iliitambua prosesa hiyo kuwa G6952. Hapo jina lilibadilika kwa sababu mwenye jina ndiye aliyelibadilisha. Mpango huo ulilalamikiwa sana na haukudumu.

Wapo pia waliobadilisha jina bila ruhusa. Miaka ya 1990 matapeli walifuta maandishi juu ya prosesa za Pentium, wakachapa spidi kubwa na kuziuza kwa bei ya juu. Watu wa Kyela hawahitaji maelezo marefu hapa. Wanajua mchele wa kwingine ukitiwa kwenye gunia lililoandikwa Kyela unavyowaudhi.

Kuna jambo la joto, ambalo kwa Njisi ni kubwa. Spidi ikiongezwa kwa asilimia 20 na volti kwa asilimia 10, joto linalotoka kwenye prosesa hupanda kwa takriban asilimia 45. Feni hupoza kwa kutumia hewa ya chumbani. Uwanda wa Kyela uko kwenye mwinuko wa mita 500 hivi, na kuelekea mwisho wa mwaka joto hupita nyuzi 30. Mashine inayotulia Tukuyu kwenye baridi inaweza kuhangaika huku. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 hujipunguza spidi zenyewe ili zisiungue, na hapo ile spidi iliyolipiwa inapotea mchana, saa ambayo mwanafunzi anaihitaji.

Joto hilo humfikia mtoto pia. Mwaka 2010 jarida la kitabibu la Pediatrics liliripoti mtoto wa miaka 12 aliyepata mabaka ya rangi kwenye paja la kushoto baada ya miezi ya kucheza michezo akiwa ameipakata laptopu kwa saa nyingi. Meza inatosha kuzuia hilo. Kuiweka juu ya godoro ni kosa jingine, kwani matundu ya hewa huziba.

Sasa jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: prosesa nyingi za laptopu zimefungwa kiwandani, hazikubali kuongezwa spidi kwa namna hiyo. Fundi akisema ameibusti laptopu, mara nyingi ameongeza RAM au ameweka diski ya SSD badala ya ile ya zamani. Hiyo ni kazi nzuri, pengine bora kuliko kubusti, kwa sababu kompyuta huwaka haraka na kufungua mafaili bila kusubirisha. Mlipe RAM na SSD yake. Usimlipe i7.

Kukagua hakuhitaji utaalamu. Kwenye Windows bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc, kisha fungua sehemu ya Performance na uchague CPU. Jina la modeli litaonekana juu, na chini yake idadi ya viini na spidi ya msingi. Jina hilo limo ndani ya prosesa, na kubusti hakulibadilishi. Liandike lote pamoja na namba zake, maana i7 ya mwaka 2012 inaweza kuzidiwa na i5 ya miaka ya karibuni.

Kisha mwambie muuzaji aandike jina hilohilo kwenye risiti, pamoja na muda wa dhamana. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu aina na ubora wa bidhaa, na Tume ya Ushindani, FCC, hupokea malalamiko. Muuzaji akikataa kuandika i7 kwenye risiti, rudini kwenye bei ya i5.