Kwa nini umusambi si ndege wa kufugwa nyumbani

Kwa miaka mingi haikuwa ajabu kumwona umusambi akitembea kwa madaha katika bustani ya hoteli au uani mwa nyumba ya mtu mwenye uwezo jijini Kigali. Ndege huyu, ambaye kwa Kiswahili huitwa korongo taji, ana shungi la manyoya ya dhahabu kichwani, mashavu meupe na mfuko mwekundu kooni. Katika utamaduni wa Rwanda huhesabiwa kuwa ishara ya maisha marefu na utajiri, na nchini Uganda amewekwa katikati ya bendera ya taifa. Hata hivyo, mapenzi hayo ya watu ndiyo yaliyokaribia kummaliza.

Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, ulimweka korongo taji katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka mwaka 2012. Sababu kuu ni mbili: kupotea kwa ardhi oevu anamozaliana, na kukamatwa kwa makinda na ndege wazima ili wauzwe au wafugwe kama mapambo.

Maisha yake porini

Ili kuelewa hasara hiyo, yafaa kwanza kufahamu jinsi ndege huyu anavyoishi. Umusambi hujenga kiota chake ndani ya kinamasi, juu ya maji ya kina kifupi, akizungukwa na matete na nyasi ndefu zinazomficha kwa maadui. Jike hutaga kwa kawaida mayai mawili au matatu tu, na dume na jike hulea makinda pamoja. Aghalabu wawili hao hukaa pamoja kwa miaka mingi. Mchana hutoka kwenda mashambani na mbugani kutafuta mbegu, wadudu, vyura na mijusi.

Nchini Rwanda, makazi yao makubwa ni kinamasi cha Rugezi, kilichopo katika wilaya za Burera na Gicumbi, Mkoa wa Kaskazini. Rugezi iliingizwa mwaka 2005 katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Maji yake huteremka hadi Ziwa Burera, ambalo huendesha mtambo wa umeme wa Ntaruka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kinamasi hicho kilipoharibiwa, kina cha ziwa kilishuka na uzalishaji wa umeme ukapungua. Hivyo, anayelinda makazi ya umusambi hulinda pia taa ya nyumbani kwake.

Kinachotokea uani

Anayemfuga umusambi humpa chakula na huenda akampenda kwa dhati. Lakini ili ndege asiruke, hukatwa manyoya ya mabawa. Manyoya huota tena. Ila wapo waliovunjwa au kukatwa mfupa wa bawa, na hao hawataruka maisha yao yote. Chakula kisichofaa hudhoofisha mwili, na kuishi pamoja na kuku kunaweza kumwambukiza maradhi.

Hasara kubwa zaidi ni kwamba uani hakuna kinamasi, kwa hiyo ni nadra sana ndege hao kuzaliana. Hata mtu akiwaweka wawili, dume na jike hufanana mno kiasi kwamba si rahisi kuwatofautisha kwa macho. Kila kinda anayechukuliwa kiotani ni kizazi kizima kinachokatika porini, na mahali pake hapazibwi na kinda mwingine kutoka bustanini.

Msamaha badala ya adhabu

Mwaka 2014, daktari wa mifugo na wanyamapori Olivier Nsengimana alianzisha mpango wa kuwarejesha ndege hao porini, kwa ushirikiano na Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB. Wafugaji walihimizwa, yakiwemo matangazo ya redio, kuwaandikisha na kuwakabidhi ndege wao bila kuadhibiwa. Njia hiyo ilisaidia, kwa sababu mwenye hofu ya adhabu huficha, na ndege aliyefichwa hawezi kusaidiwa.

Zaidi ya ndege 200 waliondolewa majumbani na hotelini. Walipimwa afya na kuwekwa karantini, kisha wenye uwezo wa kuruka wakapelekwa katika Hifadhi ya Taifa ya Akagera. Huko hawakuachwa ghafla. Walipewa muda wa kuota manyoya, kujifunza kutafuta chakula na kuchanganyika na wenzao. Wenye ulemavu wa kudumu walipatiwa makao katika Kijiji cha Umusambi jijini Kigali, eneo la ardhi oevu lililofufuliwa, ambapo wananchi huweza kuwatazama.

Sensa ya taifa ya mwaka 2017 ilihesabu korongo taji 487. Katika miaka ya karibuni idadi hiyo imepita 1,000. Ni mafanikio, lakini bado ni idadi ndogo kwa nchi nzima.

Funzo kwa wanyama wengine

Hali hii haimhusu umusambi peke yake. Kasuku wa kijivu, anayetoka katika misitu ya Kongo na nchi jirani, husakwa kwa sababu huiga sauti ya binadamu. Mwaka 2016 nchi wanachama wa mkataba wa CITES ziliamua kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wanaokamatwa porini.

Ukiuziwa mnyama au ndege wa porini, usimnunue hata kwa nia ya kumwokoa, kwani fedha yako humtuma muuzaji kurudi kiotani. Na ukiwa naye tayari, usimwachie mwenyewe, maana aliyezoea kulishwa kwa mkono huenda akafa kwa njaa. Toa taarifa kwa mamlaka. Wahenga walisema, ukipenda boga, penda na ua lake. Ampendaye umusambi na akipende kinamasi chake.