Kabla Disko Haijawa Fasheni: Fizikia ya Usiku wa Chini kwa Chini New York

Ukimuuliza mtu disko ni nini, wengi watakutajia mpira wa vioo unaozunguka, suruali za bugaluu, na John Travolta kwenye filamu ya Saturday Night Fever ya mwaka 1977. Sawa, hiyo nayo ni disko. Ila filamu ile ilikuta mambo yameshaiva. Kufikia 1977, watu walikuwa wamekesha miaka saba kwenye magorofa na majengo yasiyo na hata kibao mlangoni, na humo ndani mbinu nyingi tunazoziona za kawaida leo zilikuwa zimeshavumbuliwa: spika zilizopangwa kumzunguka mchezaji, nyimbo zinazoungana bila kukatika, na santuri kubwa ya wimbo mmoja.

Mimi nasoma mambo ya sauti na mawimbi, kwa hiyo swali langu ni hili: kwa nini mbinu hizo zilitoka huko, na sio kwenye maabara za kampuni kubwa za muziki? Jibu fupi ni kwamba huko ndiko kulikokuwa na watu waliozihitaji kweli.

Nyumba isiyouza pombe

Tarehe 14 Februari 1970, David Mancuso aliwaalika marafiki zake kwenye makazi yake, ghorofa la iliyokuwa ghala, namba 647 mtaa wa Broadway, New York. Huwezi kulipa mlangoni tu ukaingia, lazima uwe umealikwa. Ndani kulikuwa na maputo, matunda na juisi. Pombe haikuuzwa. Sherehe hizo zikaendelea wiki baada ya wiki, na watu wakapaita The Loft.

Kumbuka mazingira ya wakati ule. Miezi michache tu nyuma, Juni 1969, polisi walikuwa wamevamia baa ya Stonewall katika jiji hilohilo, na wateja, wengi wao wapenzi wa jinsia moja, wakakataa kuondoka kimya kimya. Katika miaka hiyo, wanaume wawili kucheza pamoja kulitosha kuwaletea matatizo na polisi. Watu weusi na Walatino nao walikuwa wanajua vizuri ni milango ipi ya starehe ingefungwa mbele yao. Kwa Mancuso walichanganyika wote.

Na lile la kutouza pombe halikuwa suala la maadili tu. Biashara ya pombe ilihitaji leseni, na leseni ilileta wakaguzi na saa ya kufunga. Baadaye maofisa wa jiji walipomtaka awe na leseni ya ukumbi, alijitetea kwamba hauzi chakula wala kinywaji, na utetezi huo ukasimama. Watu wakacheza mpaka asubuhi.

Hapo ndipo fizikia inapoingia. Ukicheza saa moja, sauti mbaya unaivumilia. Ukicheza saa nane, masikio yanachoka, kichwa kinauma, unaenda nyumbani. Mancuso hakutaka watu waende nyumbani.

Miili inakula sauti

Sauti husafiri hewani kwa kasi ya mita 343 hivi kwa sekunde. Besi ya mitetemo 50 kwa sekunde ina urefu wa wimbi wa karibu mita 7, yaani kubwa kuliko chumba cha kulala. Sauti kali ya juu, kama ile ya matoazi ya ngoma, yenye mitetemo 10,000 kwa sekunde, ina wimbi la sentimita 3.4 tu.

Tofauti hiyo ina matokeo makubwa. Wimbi la mita 7 likikutana na mtu, linamzunguka kama vile hayupo. Wimbi la sentimita 3 likikutana na mtu, linagonga shati lake na kuishia hapo. Kuta nazo huzuia sauti za juu kuliko za chini. Ndiyo maana jirani akiwa na sherehe, wewe kitandani unasikia dundu-dundu tu, maneno ya wimbo huyapati.

Sasa jaza ukumbi watu, kisha weka spika usawa wa vifua vyao. Walio mbele watapata kila kitu, walio nyuma watapata besi na ukungu. Fundi akiongeza sauti ili wa nyuma wasikie, wa mbele wanaumia.

Mancuso alimwomba fundi wake, Alex Rosner, afanye kitu kilichoonekana cha ajabu: atundike spika ndogo nane za sauti za juu darini, katikati ya sakafu, zikielekea pande nne. Rosner aliona ni nyingi mno. Alipozifunga na kusikiliza, akakubali kwamba mwenye nyumba alikuwa sahihi. Sauti za juu sasa zilishuka kutoka juu ya vichwa, hakuna bega wala mgongo wa kuzizuia njiani. Kila mtu akasikia matoazi, na hapakuwa na haja ya kupandisha sauti hadi iumize.

Mikono ya Francis Grasso

Sehemu nyingine ya jiji, kwenye jengo lililokuwa kanisa, palikuwa na klabu iitwayo Sanctuary. DJ wake, Francis Grasso, alihangaika na tatizo la muda. Santuri ya inchi 7 ilibeba wimbo wa dakika tatu hivi. Watu wakishapata moto tu, wimbo unaisha, kimya kinaingia, wanarudi kukaa.

Grasso alitumia mashine mbili za santuri na hedifoni. Alisikiliza wimbo unaofuata sikioni, akaishika santuri kwa kidole huku sahani ya chini ikiendelea kuzunguka, kitambaa laini kikiwa katikati ili isikwaruzike. Wakati ukifika, anaiachia. Wimbo unaanza palepale alipotaka.

Hiyo ilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kulinganisha mapigo. Chukua wimbo wa mapigo 120 kwa dakika na mwingine wa 122. Waanzishe pamoja, na baada ya sekunde 15 tu pigo la mmoja litaangukia katikati ya mapigo ya mwenzake. Itasikika kama viatu kwenye mashine ya kufulia. Inabidi uongeze kasi ya santuri ya kwanza kwa asilimia 1.7 hivi. Sikio halishtuki, maana sauti inapanda chini ya theluthi moja ya nusu toni. Ukiongeza asilimia 6 wimbo unapanda karibu nusu toni nzima, na mwimbaji anaanza kusikika kama mtu mwingine.

Kilichofanya kazi iwe ngumu zaidi ni kwamba wapiga ngoma walikuwa binadamu, sio kompyuta. Wimbo ungeweza kuanza taratibu na kumalizika haraka. Grasso ilibidi arekebishe kwa masikio na vidole muda wote.

Wimbo wa Kameruni

Ubora wa sakafu hizi ulionekana mwaka 1973. Mancuso alikuwa ameokota kwenye duka la santuri huko Brooklyn wimbo wa Manu Dibango, mpiga saksofoni wa Kameruni, uitwao Soul Makossa. Wapenzi wa rumba watamkumbuka Dibango: mwanzoni mwa miaka ya 1960 alipiga na African Jazz ya Joseph Kabasele kule Léopoldville, Kinshasa ya leo. Soul Makossa ulikuwa upande wa pili wa santuri iliyotengenezwa kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 1972. Pale The Loft ukawasha moto. Ma-DJ wakausaka, nakala chache zilizokuwepo zikaisha, redio ikafuata, na mwaka 1973 wimbo ukaingia kwenye 40 bora za Marekani. Kwa kawaida redio ndiyo iliyowaambia watu wapende nini. Safari hii wachezaji waliiambia redio.

Kwa nini inchi 12?

Tom Moulton naye alichukizwa na nyimbo fupi, akawa anazirefusha studio. Siku moja kwa fundi wa kukata santuri, José Rodriguez, sahani za inchi 7 zilikuwa zimeisha. Wakakata wimbo kwenye kubwa zaidi, mifereji ikatawanywa ijaze nafasi, na sauti ikatoka na nguvu iliyowashangaza wote wawili.

Haikuwa miujiza. Besi inaifanya sindano iyumbe kwa upana, kwa hiyo mfereji wake unahitaji nafasi. Ukibana mifereji, inagongana, na fundi analazimika kupunguza besi. Tena, kwa mizunguko 45 kwa dakika, ukingoni mwa santuri ya inchi 7 sindano hupita karibu sentimita 40 kwa sekunde. Kwenye ya inchi 12 ni karibu 69. Sekunde ileile ya muziki inapata njia ndefu zaidi ya kuandikwa. Mwaka 1976 Ten Percent wa Double Exposure, uliorefushwa na DJ Walter Gibbons hadi zaidi ya dakika 9, ukauzwa madukani kwa umbo hilo.

Waliobaki nje ya picha

Baada ya hapo pesa kubwa zikaingia, na tarehe 12 Julai 1979 umati ukashangilia santuri za disko zikilipuliwa kwenye uwanja wa besiboli Chicago. Magazeti yakasema disko imekufa. Kumbe katika jiji hilohilo, Frankie Knuckles, aliyecheza usiku mwingi The Loft akiwa kijana, alikuwa anaendeleza mbinu zilezile katika klabu ya Warehouse, iliyoupa muziki wa hausi jina lake. Rafiki yake Larry Levan alifanya hivyo Paradise Garage, New York, hadi 1987. Ukimwi uliwachukua wengi wa kizazi hicho kabla hawajaulizwa walichokijua.

Kwa hiyo ukiingia ukumbini siku nyingine, tazama juu kabla ya kulaumu fundi. Kama spika zote ziko chini zikiwapigia kelele watu wa mstari wa mbele, jua kwamba tatizo hilo lilishapatiwa dawa zaidi ya miaka 50 iliyopita, na watu waliokuwa wanatafuta tu mahali pa kucheza bila kusumbuliwa.