Bluberi Chini ya Mlima Meru

Mtu aliyelelewa katika nchi ya Waarusha na Wameru hurithi, pamoja na kipande chake cha ardhi, desturi tatu za kulisha mimea: jivu la jikoni humwagwa shinani mwa mgomba, samadi ya zizini hutandazwa kabla ya masika, na maji ya mfereji hufunguliwa jioni jua likishapoa. Desturi hizo zimestawisha migomba na mibuni kwa vizazi vingi, nami sina neno la kuzishutumu. Lakini atakayepanda bluberi nyuma ya nyumba yake, iwe Njiro au Ilboru, Tengeru au Usa River, hana budi kufahamu tangu mwanzo kwamba zote tatu humdhuru mgeni huyu, na kwamba mche wake ukinyauka licha ya bidii yote aliyoifanya, aghalabu ni bidii hiyo yenyewe iliyouponza.

Sababu iko katika nasaba ya mmea. Bluberi ni wa ukoo wa Erika, ukoo ule ule wa vichaka vyenye vijani vyembamba ambavyo apandaye Mlima Meru huvikuta akishapita kibanda cha Miriakamba na kuuacha msitu mkubwa, akielekea kibanda cha Saddle kilicho yapata mita 3,500 juu ya usawa wa bahari. Na katika milima ya Ruwenzori na Virunga, mipakani mwa Uganda, Kongo na Rwanda, yupo hata ndugu yake wa karibu kabisa, Vaccinium stanleyi, aotaye mwituni huko pasipo kupandwa na mtu. Mimea ya ukoo huu imezoea udongo mchachu, mwepesi, uliojaa majani yaliyooza nusu. Mizizi yake ni laini kama nyuzi, haina vinyweleo vya kufyonzea, haishuki sana chini, na riziki yake huipata kwa msaada wa kuvu wanaoishi ndani yake. Katika kipimo cha pH, ambacho 7 ni kati kwa kati na kila kipunguapo uchachu huzidi, bluberi hutaka baina ya 4.5 na 5.5, yaani uchachu uliopita hata ule unaopendwa na mbuni.

Hata huko Marekani, ilikotoka, siri hii ilichelewa kujulikana. Watu walichuma matunda porini, na waliojaribu kuhamishia miche katika mashamba yao yenye rutuba waliiona ikidhoofika, mpaka mwaka 1910 Frederick Coville, mtaalamu wa mimea wa serikali, alipochapisha taarifa ya majaribio yake na kubainisha kwamba kilichokosekana ni uchachu wa udongo. Elizabeth White, binti wa mwenye shamba huko New Jersey, aliisoma taarifa ile, wakashirikiana kuanzia mwaka 1911, yeye akiwalipa watu wa porini waliomwonyesha vichaka vyenye tunda kubwa kupita vingine. Na mwaka 1916 wakapeleka sokoni mavuno ya kwanza ya bluberi za kupandwa. Tunda hili la ghali, basi, lina umri mfupi sana katika ukulima, na hilo liwape moyo wanaodhani kwamba wao wamechelewa.

Sasa tuitazame Arusha. Udongo wake umetokana na majivu ya volkano, na maji yake yamepita katika miamba hiyo hiyo, ndiyo maana chemchemi na visima vingi vya pande hizi vina magadi na floridi. Floridi ndiyo iliyotia meno ya watu wengi wa Maji ya Chai na Ngurdoto rangi ya kahawia, hata pakawekwa Ngurdoto kituo cha utafiti wa kuipunguza. Na magadi yako dhahiri katika maziwa ya Momella, ambamo heroe huja kutafuta chakula. Kwa bluberi, adui mkubwa ni magadi. Mtu aweza kuandaa udongo mchachu kwa gharama na taabu, kisha akaunywesha maji ya bomba au ya kisima siku baada ya siku, na kila ndoo ikaondoa sehemu ya uchachu ule, hadi mizizi ishindwe kuyeyusha madini ya chuma yaliyo pale pale ilipo. Dalili yake haifichiki: majani machanga ya ncha za matawi hugeuka manjano, ilhali mishipa yake hubaki kijani kibichi, utadhani wavu mdogo umechorwa juu ya jani. Wengi wakiona hivyo hukimbilia samadi, na kumbe wanazidisha maradhi.

Dawa ni mvua. Paa la bati, mfereji wa bati na tangi la kadiri, likijazwa masika na tena vuli, litatosha vichaka vichache vya nyumbani katika sehemu kubwa ya mwaka. Tangi likikauka, maji ya bomba yatiwe siki au asidi ya sitriki kidogo kidogo, yakipimwa mpaka yakaribie 5. Wala nisitaje idadi ya vijiko, kwa kuwa magadi ya kisima kimoja si sawa na ya kingine.

Kwa ardhi ya kupandia, rai yangu ni kwamba mwenye bustani ndogo asishindane na udongo wa volkano. Salfa ya unga, ile ile ambayo wakulima wa mikorosho kusini huipuliza kuzuia ubwiri unga, huongeza uchachu wa udongo kwa kazi ya bakteria, lakini huchukua miezi, na udongo wetu ni mkaidi. Chombo ni salama zaidi: ndoo kubwa au pipa lililokatwa, la lita 40 hivi, lenye matundu mengi chini. Litiwe makumbi ya nazi yaliyosagwa, ambayo kwanza yaoshwe sana kwa kuwa yale ya pwani huja na chumvi, yachanganywe na magamba ya misonobari yaliyokwisha kuoza kiasi. Magamba hayo si adimu kwetu, maadamu miteremko ya Meru ina shamba la miti la Serikali la Meru-Usa na viwanda vya mbao vinavyolitegemea. Juu yatandazwe maranda au majani makavu ya msonobari, kimo cha vidole vinne, ili mizizi isichomwe na jua.

Katika kuchagua mche, tahadhari moja haina mbadala. Aina za asili za kaskazini hudai mamia ya saa za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 ndipo zichanue, na mji ulio kwenye mita 1,400 hivi, hata katika mawingu ya Julai, hauwezi kuzipa. Zitafutwe aina zilizozalishwa kwa nchi za joto, kama Biloxi, iliyotolewa Mississippi mwaka 1998 na kuenea hadi Peru, ambazo huku kwetu hubaki na majani mwaka mzima. Majirani zetu wa Kenya wamekwisha kuthubutu. Kampuni ya Kakuzi ya Makuyu, maarufu kwa maparachichi, imeongeza bluberi katika mashamba yake. Lakini asitokee mtu wa kupitisha vipandikizi mpakani Namanga ndani ya mkoba. Mamlaka ya Afya ya Mimea, yenye makao Ngaramtoni, hutoa vibali vya kuingiza mimea, na ugonjwa mmoja uliofichwa katika kijiti waweza kuwagharimu majirani wote.

Mbolea iwe SA (salfeti ya amonia), nusu kijiko cha chai kwa mche mchanga kila mwezi, mbali kidogo na shina. Mbolea ya CAN ina chokaa, na ile ya Minjingu, ambayo ni neema kwa mahindi katika ardhi iliyochachuka, haifai hapa hata chembe. Maua ya mwaka wa kwanza yakatwe bila huruma, ili nguvu iende katika mizizi na matawi. Aina mbili zikiwekwa jirani, nyuki huchanganya chavua zake na tunda hunenepa. Baada ya mavuno yaondolewe matawi makongwe yaliyopita miaka minne au mitano, yakikatwa karibu na ardhi, kwa maana tunda zuri huzaliwa juu ya tawi changa.

Kuzumburu na shorewanda huliona tunda kabla ya mwenyewe, kwa hiyo wavu ufungwe mapema, rangi inapoanza tu kubadilika. Tunda likiwa buluu lisichumwe siku hiyo hiyo. Litazamwe pale linaposhikana na kikonyo, na kama pana duara jekundu, liachwe siku kadhaa zaidi, kwani likichumwa kabla ya wakati haliongezi utamu tena. Lililoiva huachia lenyewe likisukumwa kwa kidole gumba, na unga mweupe ulio juu ya ganda lake usioshwe mpaka saa ya kula.