Mwalimu wa piano apata soko ng'ambo, ila wasifu ndio mtaji

MWALIMU wa piano anayefundisha moja kwa moja kwa njia ya intaneti huuza kwanza kitu kisichowekwa dukani, nacho ni historia yake: alifundishwa wapi, alifaulu mtihani gani na amewafikisha wapi wanafunzi wake. Mteja aliye mbali hawezi kumsikia kanisani wala kuulizia kwa majirani. Wasifu ndio unaopanga bei kabla ya somo la kwanza.

Vyeti vyenyewe vina uzito tofauti. Bodi ya ABRSM ya London, iliyoanzishwa mwaka 1889, hutahini madaraja 8, na juu yake kuna stashahada. Trinity College London nayo ina stashahada zake za ATCL, LTCL na FTCL. Mitihani ya aina hii si migeni Afrika Mashariki, na Kenya Conservatoire of Music ya Nairobi ipo tangu 1944. Mzazi anayelipa ada ana haki ya kuomba kuona cheti na kukisoma vizuri. Daraja la 8 linathibitisha kwamba mtu anajua kupiga. Halisemi kama anajua kufundisha.

Jina la mwalimu kupanga bei ni jambo la zamani. Frédéric Chopin, aliyefika Paris mwaka 1831, aliishi zaidi kwa ada za wanafunzi kuliko kwa maonyesho. Somo nyumbani kwake lilikuwa faranga 20, na akiitwa kwa mwanafunzi, 30. Hizo 10 za nauli na usumbufu ndizo zinazofutwa na intaneti. Anayejua foleni za Dar es Salaam au Nairobi saa za jioni hahitaji kuelezwa thamani yake.

Hata hivyo, waya haubebi kila kitu. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilizofika mwaka 2009, na EASSy mwaka uliofuata, ziliiondoa kanda hii katika utegemezi wa setilaiti, lakini sauti bado inachelewa. Wanamuziki wakitaka kupiga pamoja bila kupishana, ucheleweshaji usizidi sana sehemu 30 za elfu ya sekunde. Simu ya kawaida ya video huvuka hapo. Kwa hiyo mwalimu na mwanafunzi hupokezana. Hawapigi kwa pamoja.

Tatizo jingine ni programu zenyewe. Zimetengenezwa kwa ajili ya maongezi, na mlio mrefu wa piano huuchukua kuwa ni kelele na kuukata. Zoom iliongeza mpangilio maalumu wa muziki mwaka 2020. Mwalimu asiyejua kuuwasha anamsahihisha mtoto kwa sauti aliyoisikia nusu, na huyo hafai kulipwa ada kamili hata kama vyeti vyake vimejaa ukuta.

Gharama nazo zimepanda. Hadi katikati ya 2022 mazungumzo ya watu wawili katika Zoom ya bure yaliweza kuendelea kwa saa nyingi. Kuanzia Julai mwaka huo yakawekewa kikomo cha dakika 40, na somo la saa nzima likageuka gharama ya kila mwezi. Mwenye kampuni hakunufaika milele: hisa za Zoom zilizoanza kuuzwa kwa dola 36 Aprili 2019 zilipita dola 550 Oktoba 2020, kisha zikaporomoka chini ya dola 100 mwaka 2022. Aliyenunua kileleni bado anauguza kidonda.

Faida kubwa kwa mwalimu wa hapa ni kupokea fedha za kigeni na kutumia shilingi. Lakini mapato hayo huyumba. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilivuka shilingi 160 za Kenya. Miezi michache baadaye ilikuwa karibu 130. Mwalimu aliyetoza dola 100 kwa mwezi alijikuta amepungukiwa shilingi 3,000 kwa kila mwanafunzi bila kupunguza hata dakika moja ya kazi. Aliyepanga ada yote kwa dola aliumia kuliko aliyebakiza nusu ya wanafunzi wake nyumbani.

Saa ndizo zinazombeba. Mtoto wa Nairobi hutoka shule na kusoma piano saa 10 au 11 jioni. Mtoto wa London anapofika nyumbani saa 10 alasiri ya kwao, majira ya baridi, Nairobi ni saa 1 usiku. Piano moja inapata zamu mbili kwa siku. Waingereza wanapopeleka saa zao mbele mwishoni mwa Machi, zamu ya pili inaanza saa 12 jioni, na mwalimu asiyepanga upya ratiba atakuta wanafunzi wawili wanasubiri dakika ileile.